Mikono Iliyofunguliwa Mjimpya

Ijumaa ile Mbarouk alitoka chumbani na kofia mpya kichwani, na mkewe Zuwena, aliyekuwa akikunja mswala, akasahau kuumaliza.

Ilikuwa kofia nyeupe ya viua, vile vitundu vidogo vinavyodariziwa kwa mkono, uzi wa rangi ya maziwa. Wanaume wa Wete wana makofia mengi, na hakuna mke mwenye akili timamu anayehangaika na kila kitambaa kinachokaa juu ya kichwa cha mumewe. Lakini hii Zuwena aliijua tangu mlangoni.

"Hebu iname," akamwambia.

"Nachelewa hutuba."

"Iname, nikutoe uzi."

Mbarouk akainama. Uzi haukuwepo. Zuwena akapitisha kidole pembeni mwa kofia, kiua baada ya kiua, akihesabu kimoyomoyo, na alipofika cha saba akahisi fundo limelala kushoto. Akahesabu tena saba. Kushoto. Washonaji wote wa Pemba hufunga kulia. Anayefunga cha saba kushoto ni mmoja tu, na sababu yake ni kidole cha mwisho kilichobanwa na mlango akiwa na miaka sita, kikaunga kwa kupinda. Kidole hicho huchoka upesi. Kikifika kiua cha saba hutaka kupumzika, na mkono mzima hugeuka kushoto kukingojea. Mkono huo ni wa Zuwena, na Zuwena hajashika sindano tangu macho yalipoanza kumsumbua, mwaka wa pili huu.

"Umeitoa wapi?"

"Nimepewa."

"Na nani?"

"Nimepewa tu, Zuwena. Mtu akipewa kofia lazima aje na cheti?" Akachukua bakora yake akatoka, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na mbili hakuuliza kuna nini cha mchana.

Sasa kama wewe si mtu wa huku, lazima uelezwe. Mwanamke hamshonei mwanamume kofia hivi hivi. Humshonea mumewe, mwanawe, au kaka yake wa tumbo moja. Kofia moja ya viua ni kazi ya wiki nyingi, na akimshonea mwanamume asiyekuwa hao, basi ameshasema yote, kilichobaki ni kumwita kadhi. Hilo la kwanza. La pili ni baya zaidi: mwanamke huyu amemshonea mume wa Zuwena kwa mikono ya Zuwena. Wivu wa kawaida una pa kushika. Unamsema mwenzio hajui kupika, hajui kutandika, miguu yake kama michi ya kutwangia. Zuwena aseme nini? Aseme huyo mtu hajui kushona? Ameshona kama yeye mwenyewe, kidole kibovu na vyote.

Alikaa juu ya mswala uliokunjwa nusu, akalia kwa hasira, kisha akanawa uso akapika, maana njaa haina habari na wivu wa mtu.

*

Jumamosi asubuhi alifika kazini kabla ya wenzake. Kazi yenyewe ilikuwa Mbiu, na Mbiu ni ofisi ya chumba kimoja juu ya ukumbi wa chama cha mafundi: meza kumi, taa ndogo juu ya kila meza, na wasikilizaji kumi wanaongoja taa ziwake.

Mbiu haisikilizi barua za watu wala simu zao wala picha zao. Inasikiliza kitu kimoja tu. Popote visiwani, glavu inapofungua faili la aina ya mkono, Mbiu hujua. Na faili la mkono ni mkono kweli. Fundi huvaa glavu ya kurekodia miezi mitatu, akafanya kazi yake kama kawaida, na kila kukaza, kulegeza, kugeuza na kusita kwake huingia humo. Mtu mwingine akilifungua faili hilo katika glavu yake, nyuzi zilizomo ndani, nyembamba kuliko unywele, humvuta vidole kimoja kimoja. Mwenye glavu halazimiki kujua chochote. Anachotakiwa ni kuuachia mkono wake na kuamini.

Kwa hiyo fundi ana haki ya kuambiwa mikono yake inapofunguliwa. Huambiwa saa, huambiwa shehia, yaani mtaa, huambiwa ilifunguliwa kwa muda gani. Jina la aliyefungua haambiwi. Jina linakaa nyuma ya pazia, na pazia halinyanyuki ila kwa funguo mbili za wasikilizaji wawili na hati ya mahakama. Na ikiwa ni mara ya kwanza mikono kufunguliwa katika shehia, msikilizaji humpigia fundi simu kwa mdomo wake. Wazee wa chama walikataa ujumbe wa maandishi. Habari ya mkono wa mtu, walisema, ni kama habari ya mwanawe, huletwa na mtu.

Zuwena aliwahi kuletewa habari hiyo. Kanuni hairuhusu msikilizaji kushughulikia mikono yake mwenyewe, hivyo taa yake ilikuwa juu ya meza ya Haroub, kijana mpole wa Konde anayekaa mkabala naye. Siku hiyo Haroub alisimama, akaja mpaka mezani kwake, akamwambia rasmi kabisa, "Bi Zuwena, mikono yako imefunguliwa. Shehia ya Mjimpya." Zuwena alinunua halua ofisi nzima wakala. Furaha iliyoje. Leo akiikumbuka halua ile ilimrudi kooni.

Akafungua daftari la mikono yake, kwa kuwa hilo ni haki yake. Mara arubaini na tatu. Kila siku bila kukosa, baada ya sala ya alasiri, saa nzima.

Na kila siku, bila kukosa, baada ya sala ya alasiri, Mbarouk husema, "Nakwenda kwa mama."

Mama yake, Bi Kazija, alikuwa akikaa Mjimpya kweli. Zuwena hakuwa na la kumwuliza huko. Tangu siku ya Idi hawakuonana: alimnyooshea mkono amwamkie mbele ya wageni, na mkwewe akauficha wake ndani ya mtandio kama aliyeona kinyaa. Basi Zuwena akasusa. Wala katika mambo ya glavu huwezi kumtaja Bi Kazija. Ndiye fundi wa zamani kuliko wote Wete, na ndiye aliyesimama kwenye mkutano wa chama akasema mkono wake si punda wa kukodisha, na hatavaa wa mtu wala mtu hatavaa wake.

Lakini nyumba ya pili kutoka kwa Bi Kazija alirudi kukaa Raya binti Seif. Raya ameachika juzi juzi. Raya ndiye Mbarouk aliyempelekea posa kabla ya Zuwena, ikarudishwa, na tangu hapo hajawahi kulitaja jina lake ndani ya nyumba. Mwanamume akilitaja jina la mwanamke ovyo, lala usingizi. Asipolitaja kabisa ndipo uamke.

"Kwa mama," Zuwena akajisemea. "Kumbe kwa jirani wa mama."

Haroub alipoingia alimkuta amesimama mbele ya meza yake.

"Nataka ufunguo wako," akamwambia. "Ninyanyue pazia moja tu, nishushe."

Haroub akaweka mkoba chini taratibu. "Una hati?"

"Sina."

"Basi huna haja ya kuniomba, Bi Zuwena. Wewe ndiye uliyenifundisha kazi hii."

"Kuna mtu ananiharibia nyumba kwa mikono yangu."

"Nakuamini. Unamkumbuka yule bwana wa Mkoani?"

Alimkumbuka. Nani asiyemkumbuka. Alikuwa mchongaji, akapatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukafa. Daktari akampa glavu na faili la fundi mwenziwe: afungue kila siku, siku sitini bila kukata hata moja, mkono unaojua uukumbushe ule uliosahau. Ukikatiza katikati, mara nyingi mkono haurudi tena. Alifika siku ya hamsini. Mwenye faili akalipata jina lake kwa njia anazozijua mwenyewe, akalitaja harusini, kwa utani tu, kwamba fulani siku hizi anachonga kwa mkono wangu. Watu wakacheka. Yule bwana hakuivaa tena glavu, na mkono wake ukabaki vile vile mpaka anazikwa. Pazia likawekwa mwaka uliofuata.

"Huyu wangu hana kiharusi," Zuwena akasema.

"Unamjua?"

"Namjua."

"Basi pazia la nini?" Haroub akakaa kitako, akawasha taa zake. Alikuwa na haki, na Zuwena alimchukia kwa hilo mpaka saa sita.

*

Pazia hakulinyanyua. Hilo na liandikwe, kwa sababu yapo mengine ya kuandikwa.

Mwenye mikono ana haki nyingine, ndogo, ambayo watu huisahau: anaweza kurekebisha faili lake wakati wowote. Akiona kosa katika mshono wake, huvaa glavu, akashona upya sehemu ile, na marekebisho huingia kote linakofunguliwa. Haihitaji ufunguo wala hati. Inahitaji saa mbili katika chumba cha kurekodia na fomu ya mistari minne.

Mwanamke wa pwani akitaka kukutukana kwa adabu, hakutukani. Hununua kanga, akaivaa, akapita mbele ya mlango wako, akakuachia usome mwenyewe. Zuwena alikaa na glavu mkononi akiwaza kanga zote alizopata kuziona maishani, na hakuna iliyotosha. Zote ziliandikwa kwa ajili ya mwanamke mwizi wa kawaida. Hatimaye akatunga yake. Kofia ya viua ina mshipi wa maua pembeni. Akauacha mwanzo wake kama ulivyo, maua matano ya kawaida, na baada ya ua la tano akaugeuza mshono uwe herufi: MUME WANGU, MIKONO YANGU, WEWE UNA NINI?

Macho yalimuuma, mgongo ulimuuma, na alikuwa na furaha hajapata kuwa nayo tangu Ijumaa. Aliwaza vidole vya Raya ndani ya glavu, vikivutwa kimoja kimoja, vikijiandikia matusi yao wenyewe. Aliwaza atakavyoyatambua polepole, herufi baada ya herufi, na mkono hausimami.

Mahali fulani katikati ya neno la tatu alisita. Alijua anachokifanya; aliwafundisha wengine kukikataza. Mtu akivaa glavu amekupa mkono wake huku amefumba macho, awe mwizi, awe nani. Chama kizima kinasimama juu ya hilo. Akakaa na sindano hewani kwa muda, akawaza kuacha. Kisha akaiona kofia ile jinsi ilivyokaa vizuri kwenye kichwa cha Mbarouk, akaendelea.

Fomu ilimuuliza sababu ya marekebisho. Akaandika: ua jipya.

*

Jumapili baada ya alasiri taa iliwaka juu ya meza ya Haroub. Zuwena hakuinua uso. Alishika kalamu akajifanya anaandika, macho yako saani. Dakika kumi. Kumi na tano. Huyo sasa anashona maua. Ishirini. Sasa ameingia kwenye herufi. Dakika ya thelathini na nane taa ikazimika.

Kila siku saa nzima, leo dakika thelathini na nane. Amesoma. Zuwena akaenda uani akacheka peke yake na kiganja mdomoni.

Jumatatu taa haikuwaka. Jumanne haikuwaka. Jumatano alirudi nyumbani akapika pweza wa nazi, chakula cha mtu aliyeshinda, akamkuta Mbarouk amekaa ukumbini na kofia yake kuukuu, mikono juu ya magoti.

"Ile mpya iko wapi?" akamwuliza, na hata yeye aliisikia sauti yake ilivyojaa asali.

"Nimeirudisha kwa mwenyewe. Kaidai."

"Masikini."

Mbarouk akamtazama. Hakuwa mtu wa makelele, na siku hiyo pia hakupandisha sauti. "Mama hali. Siku ya nne leo, ni maji tu na kipande cha mkate nikimlazimisha. Nikimwuliza, ananijibu nikamwulize mke wangu. Zuwena, umemfanya nini mama?"

"Mimi? Mama yako sijamwona tangu Idi."

"Najua." Akajipangusa uso. "Ameniapisha nisikwambie, lakini sasa naona kiapo kinaniulia mama. Mkono wake wa kulia ulikufa siku mbili kabla ya Idi. Kiharusi kidogo, daktari alisema, kimeshika mkono tu. Akapewa glavu. Akaambiwa chama kina mikono mia mbili, achague. Akasema wa mtu mwingine havai. Anataka wako."

Zuwena akakaa sakafuni mbele yake.

"Nilikuwa namshikia kitambaa. Kila siku. Ile kofia ndiyo ya kwanza kuimaliza, Zuwena. Alilia alipoimaliza. Nami kwa furaha nikaivaa Ijumaa, nikasahau nimeoa mke mwenye macho."

Pweza akaungua jikoni na hakuna aliyekwenda kumtazama.

*

Alfajiri ya kesho yake, kabla ya kwenda kokote, Zuwena alipita Mbiu akalirudisha faili lake lilivyokuwa. Kisha akaenda Mjimpya kwa miguu.

Mlango ulikuwa wazi. Bi Kazija alikuwa amekaa juu ya kitanda cha ukumbini, amevaa vizuri, amejitanda, mkono wa kulia ndani ya mtandio. Alikuwa amekonda usoni.

"Hodi, Mama. Sabalkheri."

"Karibu, mke wa Mbarouk." Ndivyo alivyomwita miaka yote. Jina lake hakupata kulitamka.

Juu ya kimeza kulikuwa na kipande cha kitambaa cha bafta kimenyooshwa, kimekaziwa pini. Maua matano, safi kabisa. Kisha MUME WANGU, MIKO. Uzi ulining'inia kwenye herufi ya mwisho.

"Soma," Bi Kazija akasema. "Kazi yako hiyo."

"Mama, nisamehe."

"Kwanza nikuhadithie. Sindano ilipopanda mahali pasipo na ua, mkono wangu ulijua. Miaka hamsini nashona, utakosa kujua? Ukataka kukataa. Nikauambia tulia, huyu ni fundi, labda ametunga ua jipya. Nikakufuata. Macho yangu hayaoni karibu, unajua, na miwani nilikuwa sijavaa. Nikakufuata mpaka uzi ulipoisha, nikaomba miwani nione ua lenyewe."

Zuwena alikuwa amepiga magoti chini bila kujua amepiga saa ngapi. "Wallahi si wewe niliyekukusudia."

"Ulimkusudia nani?"

Hapo ilibidi aseme, na jina lilitoka kama jiwe la figo. "Raya."

Bi Kazija akairudisha ncha ya mtandio begani. "Raya muuguzi. Ndiye anayenivisha glavu, kwa vile mkono mmoja haujivishi. Siku ile Mbarouk alikuwa ametoka, kitambaa alinishikia yeye, amekaa hapo ulipo. Alisoma kabla yangu, akawa mwekundu, akaaga. Hajarudi, na mimi sikumwita. Nilidhani ameona haya kwa ajili yangu. Kumbe na yeye lilikuwa lake." Akatikisa kichwa. "Umetupiga wawili kwa jiwe moja, mwanangu, na wote hatukuwa na kosa."

"Nimelirudisha faili, Mama. Leo alfajiri. Zimebaki siku kumi na sita tu. Nitamwomba Raya radhi, nitamleta mwenyewe, vaa leo, huenda mkono haujasahau."

"Unajua kwa nini sikukupa mkono siku ya Idi?"

"Sasa najua."

"Hujui. Ingekuwa ni mkono tu ningekuomba radhi nikakupa wa kushoto." Bi Kazija akavuta pumzi. "Nilikuwa nakuonea wivu. Tangu ulipoletwa nyumba hii na kofia uliyomshonea Mbarouk ya harusi. Niliigeuza ndani nje nikatafuta kosa usiku kucha, sikuliona. Nikajua huyu msichana atanifuta, na ulinifuta. Watu walikuwa wakija na bafta zao wanaulizia Zuwena, Zuwena. Mimi jina hilo likanikaa kooni, nikakwita mke wa Mbarouk mpaka leo. Mkono ulipokufa nikasema basi, Kazija, umeshindwa, mwombe. Kwa mdomo sikuweza. Nikaomba kwa glavu." Akaisukuma bafta kwa mkono wa kushoto. "Nikajibiwa."

Zuwena alilia waziwazi, kama mtoto, na mkwewe hakumnyamazisha wala hakumfukuza.

"Wako sivai tena," akasema mwishowe. "Nikiuvaa nitakuwa nasubiri kila herufi."

"Basi wa mtu mwingine. Iko mia mbili, Mama. Anza upya. Mkono usiuache ufe kwa ajili yangu."

Bi Kazija akafumba macho. "Nenda nyumbani," akasema. "Mwambie Mbarouk aniletee uji."

*

Zuwena alijipeleka mwenyewe mbele ya wazee wa chama. Walimnyang'anya haki ya kurekebisha, wakamwandika kitabuni, na wakamwacha mezani kwake kwa sababu wasikilizaji wazuri ni adimu. Kwa Raya alikwenda mara tatu. Mara ya tatu alifunguliwa mlango, akasikilizwa akiwa amesimama, na Raya akamwambia amesikia. Mbarouk alihamia kwa mama yake. Alikuja nyumbani kuchukua nguo na kumsalimia, na alimsalimia vizuri, na hilo ndilo lililouma.

Taa ya mikono yake haikuwaka. Kila siku baada ya alasiri Zuwena aliitazama meza ya Haroub, na kila siku ilikuwa giza. Siku ya tano. Ya nane. Daktari alikuwa amesema glavu ikikaa wiki mbili bila kuvaliwa, basi tena.

Siku ya kumi na moja taa iliwaka, lakini juu ya meza yake yeye.

Akaisoma. Mikono ya Bi Bishara wa Chake. Shehia ya Mjimpya. Mara ya kwanza. Baada tu ya alasiri.

Mshtuko wa kwanza ulikuwa wa furaha, na ulidumu kwa muda wa kumeza mate. Baada yake wivu ukaja, wote, wa zamani na mpya. Bishara! Katika mikono mia mbili, Bishara, ambaye Zuwena amekuwa akimsema miaka kumi na tano kwamba viua vyake ni matundu ya panya. Vidole vya Bishara sasa vimo ndani ya mkono wa mkwewe, vinauvuta taratibu, vinaufundisha kukumbuka. Mkono ukirudi, utarudi ukifunga kulia. Mbarouk atavaa kofia yenye mkono wa Bishara, na watu wataisifu, na Zuwena atasimama hapo na kuitikia.

Au si Bi Kazija kabisa. Mjimpya kuna nyumba mia nne. Pengine ni msichana fulani anajifunza, na mkwewe amekaa na mkono uliokufa ndani ya mtandio.

Haroub alikuwa ameiona shehia. Akainuka, akauweka ufunguo wake pembeni mwa meza ya Zuwena, bila kumtazama. "Safari hii nakupa," akasema. "Nyanyua, ujue, moyo utulie. Mimi sijaona."

Zuwena akautazama ufunguo. Aliutaka kuliko alivyowahi kuutaka siku ile ya kofia. Akausukuma urudi upande wa pili.

"Mwenyewe hakunitaka nijue," akasema, akapiga simu.

"Bi Bishara, masalkheri. Hapa Mbiu. Mikono yako imefunguliwa."

"Alhamdulillahi. Wapi tena?"

"Wete. Shehia ya Mjimpya."

Upande wa pili kicheko. "Wete? Wete si wana Zuwena wao? Wanataka nini kwangu?"

Zuwena akaihamisha simu sikio jingine. "Wamekutaka wewe."

"Nani huyo?"

"Kuna pazia, bibi."

"Lakini wewe unajua."

"Sijui. Ningependa kujua, na sijui." Akaichukua kalamu. "Nina ombi, na si kazi yangu kukuomba. Faili lako usiliguse siku sitini hizi. Hata ukiona kosa, liache kama lilivyo."

"Kosa?" Sauti ikawa kali. "Katika viua vyangu umeona kosa gani?"

Haroub aliacha kuandika. Zuwena akashika ukingo wa meza.

"Sijaona," akasema. "Nimevitazama miaka mingi, Bi Bishara, navitafutia. Mkono wako ni mzuri. Uache ufanye kazi."

Akaweka simu chini. Akaandika saa, akaandika shehia, akaandika jina la mwenye mikono kwa herufi za kusomeka. Taa ilikuwa bado inawaka, na alibaki kuitazama saa nzima, mpaka ilipozimika kwa wakati wake.